Mwenye Jina na Aseme

Jumapili, 4 Machi 1979

Atakayeokota daftari hili ajue kwanza anasoma habari za nani. Mimi ni Uhuru Sadalla wa Mtaa wa Mahiwa, Kariakoo. Siku niliyozaliwa mimi, nchi nzima haifanyi kazi. Kila tarehe tisa Desemba maofisi yanafungwa, askari wanapiga gwaride, tarumbeta zinalia, watoto wa shule wanapigishwa sarakasi juani, na yote hayo ni kwa ajili ya mwana wa Bi Mboni. Barabara nimepewa, inatoka Mnazi Mmoja mpaka Buguruni. Mwenge nimepewa, unakimbizwa mikoa yote. Wanatumia jina langu bila hodi, nami nimewaachia tu, sina makuu.

Darasa la saba nilimaliza, sekondari wakaniogopa. Sasa nauza nazi nje ya soko jipya. Hapa Dar hakuna anayeijua nazi kwa kuigonga kama mimi. Nikiigonga mara moja nakwambia kama ina tui zito, kama imeota ndani, na kama aliyeipanda alikuwa mchoyo.

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni kasema tuandike kila siku ili mkono usisahau. Haya, nimeandika. Mvua bado.

Jumanne, 6 Machi

Nimepanga foleni ya sukari. Nilipofika mbele ilikuwa foleni ya sabuni.

Ijumaa, 9 Machi

Dada Sitara karudi nyumbani kujifungua, ndiyo desturi, mimba ya kwanza mtu huilea kwa mamaye. Nimeandika mimba ya kwanza, lakini Mama kanikanya. Kasema ni ya tatu. Mbili za mwanzo hazikufika, na tusizitaje mbele yake.

Shemeji Fikirini ni dereva wa lori. Tangu Desemba amechukuliwa kupeleka mizigo vitani, huko Kagera. Kabla ya kuondoka alisema mbele ya Mama, "Akija wa kike nitampa jina mimi. Akija wa kiume jina ni la Sitara." Kila mtu alishangaa, maana wa kwanza jina hutoka kuumeni.

Leo Sitara alikuwa anachambua mchele, miguu imevimba kama mikate ya kumimina. Akaniita.

"Uhuru wangu."

Ananiita hivyo tangu utoto, hata mbele za watu.

"Naam."

"Akiwa wa kiume namwita Uhuru. Utakuwa somo yake. Utakubali?"

Nikamwambia atakuwa na bahati mtoto huyo, ila ajiandae, maana jina hili linamtaka mtu mwenye mabega. Akacheka mpaka mchele ukamwagika.

Nimewatangazia soko zima. Hata mwenye bucha.

Jumamosi, 17 Machi

Mvua imeanza. Nazi zimelowa, wateja wamejificha.

Nilijibanza kwa rafiki yangu Shaibu, fundi cherehani wa barazani. Kazi yake siku hizi ni moja. Watu wanaleta suruali zao za bugaluu, zile pana chini kama sketi, naye anazipunguza ziwe nyembamba, maana mtu akipita na bugaluu mwaka huu anazomewa. Nikamweleza habari ya jina. Hakuinua hata kichwa.

"Uhuru tena? Mtoto wa mwaka huu?"

"Kwani lina nini?"

"Halina kitu. Ni kama hii." Akainua bugaluu la mtu, akalipepea. "Mwaka ule ulikuwa huna hili huna maana. Kila nyumba lilikuwamo. Sasa mwenyewe ananiletea limefungwa kwenye gazeti kwa aibu, ananiambia, fundi, nipunguzie. Jina lako lingekuwa suruali ningelipunguza, kaka."

"Wivu tu. Shaibu nalo ni jina? Maana yake kizee!"

"Ndiyo, kizee. Lilizaliwa limezeeka, haliwezi kuzeeka tena. Lako lilizaliwa kijana."

Nimelitafuta jibu njia nzima.

Jumapili, 18 Machi

Mvua. Nimewaza.

Jumatano, 21 Machi

Mtu mwenye akili hafanyi ugomvi, anafanya utafiti. Leo nimesimama kona ya Mtaa wa Kongo, palipo na watu kama siafu, nikapaza sauti, "Uhuru! Wee Uhuru!" ili nione nani atageuka. Jina likiwa hai, mwenyewe hugeuka. Ndiyo kanuni yangu.

Aligeuka kijana mwenye gunia la vitunguu kichwani, wa umri wangu. Aligeuka mwingine, wa umri wangu pia, ameshikwa mkono na mgambo. Wa tatu aligeuka nusu, akaona ni mimi, akaendelea na safari. Mtoto mdogo hakugeuka hata mmoja, na walikuwa wamejaa pale wanachezea maji ya mtaro. Mama mmoja aliniuliza kama nimepotelewa na mtu.

Nikahamia Mtaa wa Sikukuu. Kabla sijafungua kinywa, nikasikia sauti ya mama ndani ya ua, "Uhuru! Uhuru njoo ule, baba!" Moyo ukanipiga. Nikasema, anha! Yupo mtoto! Nikachungulia mlangoni na "Naam, mama" yangu ya adabu.

Alikuwa mbuzi. Beberu la madevu. Beberu linaitwa Uhuru, na balozi wa nyumba kumi anakaa mlango wa pili!

Nimechanganyikiwa.

Ijumaa, 23 Machi

Nimemwuliza mteja wangu mmoja, mzee wa heshima. Kasema Uhuru ni jina zuri sana, wanawe wawili wanaitwa hivyo. Nikafurahi. Kisha akasema wote wawili siku hizi hawaitiki, mmoja anajiita Jimi.

Jumanne, 27 Machi

Leo imetokea kitu kikubwa. Msichana alikuja kununua nazi. Anaitwa Mektilda, wa Masasi, anasuka nywele Mtaa wa Sikukuu kwa shangazi yake. Ana mwanya na hacheki ovyo. Aliichukua nazi niliyomchagulia akairudisha, akaichukua nyingine, akaigonga mwenyewe kwa kucha, akasikiliza.

"Hii."

Ilikuwa ndiyo. Nazi bora kuliko zote za leo, na nilikuwa nimemfichia mwenye hoteli.

"Unaitwa nani wewe muuza nazi?"

Ulimi wangu huu, ambao haujawahi kunisaliti, ukasema, "Toni."

Sijui ulilitoa wapi.

"Toni? Antoni. Unasali parokia gani?"

"Ile ya... kule mbali kidogo."

Akanitazama. Mvua ikatuokoa sote, yaani mimi.

Alhamisi, 29 Machi

Mektilda kapita. Kasema, "Habari za kazi, Toni." Jamani, jina hilo linavyopendeza likitoka kwake! Shaibu alikuwepo, akauma uzi wake. Baadaye akasema, "Kumbe umeshalipunguza mwenyewe."

Jumanne, 3 Aprili

Mama mkwe wa Sitara, Bi Zamda, kaja kutoka Ilala na kikapu cha mihogo na mwavuli mweusi. Nimempa shikamoo, kaniitikia marahaba huku anamtazama Sitara tumbo.

"Huyo wa kiume. Kakaa mbele mbele kama marehemu mume wangu. Nassibu huyo."

Mama yangu akasema taratibu, "Jina lishatolewa, dada. Baba yake kasema ni la Sitara."

"Fikirini alisema kwa kuwa alikuwa anakwenda vitani. Mtu akienda vitani husema mengi. Na jina lenyewe ndiyo hilo la... la kina huyu?" Akaninyooshea mwavuli. "Majina ya mwaka ule wa bendera. Kila mtu Uhuru, kila mtu Uhuru. Kisha watu wakawapa watoto Azimio. Kesho mtawapa nini, Foleni?"

Mimi nilicheka. Lilikuwa neno zuri, ningefanyaje? Sitara hakucheka. Alisema, "Mama, Nassibu ni jina la heshima. Nikijaaliwa mwingine litakuwa lake. Hili nina sababu nalo."

Bi Zamda si mbaya. Alisema kwetu na kwao desturi ni moja, jina la mtu aliye hai haliibiwi. Siku ya saba mwenye jina hushikishwa mtoto, akasema kwa kinywa chake, nimempa. "Mwenye jina na aseme. Akisema, mimi sitatia neno. Lakini asiposema, ni Nassibu."

"Atasema," akasema Sitara.

Wazee walipoondoka kwenda uani nilimwuliza Sitara sababu yenyewe ni ipi. Akanieleza, nami nilikuwa sijui. Siku niliyozaliwa yeye alikuwa na miaka saba. Baba alimbeba mabegani kutoka uwanjani, watu wanaimba njia nzima, wakafika nyumbani wakanikuta mimi, mwekundu, nalia. Baba akamwuliza, "Haya Sitara, tumwite nani mdogo wako?" Yeye akajibu neno alilokuwa analisikia kutwa.

"Nilikupa mimi," akasema. "Sijawahi kumpa mtu kitu kingine kikadumu."

Nikamwambia, dada, usinilize, nina sifa mtaani. Akanipiga kofi la mgongo.

Sasa sijui niwaze nini. Nikikaa na Sitara jina linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Nikifika kwa Shaibu linakuwa bugaluu. Jina ni lile lile, mimi ni yule yule. Nani anabadilika?

Jumamosi, 7 Aprili

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Maji yameingia chumba cha uani, tumehamisha mitungi. Hakuna habari za Shemeji Fikirini.

Jumatano, 11 Aprili

Redio imesema Kampala imetekwa. Watu wamemiminika barabarani na mvua yao, wanapiga masufuria. Sitara alikaa karibu na redio, akisubiri kusikia jina la mtu mmoja, na redio haitaji madereva.

Jioni mwenye bucha alisema watoto wote watakaozaliwa wiki hii wataitwa Ushindi. Nikamwuliza, na baada ya miaka kumi na saba? Hakunielewa. Na mimi nilikuwa sijielewi, lakini niliona huruma juu ya watoto hao, watapata shida na kina Shaibu wao.

Alhamisi, 19 Aprili

WA KIUME! Kazaliwa alfajiri, mzima, mama mzima. Nimegawa nazi bure mpaka tajiri wangu akanipokonya panga. Ana mabega.

Ijumaa, 20 Aprili

Analia. Mapafu yote ya ukoo kapewa yeye.

Jumapili, 22 Aprili

Bado analia. Mama kasema mtoto akilia hivi analilia jina. Zamani, anasema, walikuwa wanamtajia majina ya wazee mmoja mmoja, akinyamaza ndilo hilo. Sitara akasema, "Avumilie mpaka Jumatano. Mjomba wake yupo."

Mektilda kanialika twende kutazama ngoma ya kwao wiki ijayo. Nimekubali. Nimemwambia nacheza vizuri kuliko Wamakonde wote. Kasema tutaona, Toni.

Jumatano, 25 Aprili

Nitaandika yote, mkono usisahau.

Leo ilikuwa siku ya saba. Sitara alitaka asukwe, akae mbele ya wageni kama mtu. Mzazi hatoki nje kabla ya arobaini, kwa hiyo msusi alifuatwa. Mama aliulizia nani anasuka vizuri Mtaa wa Sikukuu. Mimi nilikuwa sokoni, nimetumwa nazi za wali, nikachelewa kwa kuringa nazo njia nzima. Nilikuwa nimevaa shati jeupe la Baba.

Nikaingia. Chumba kimejaa wanawake, udi unafuka. Sitara amekaa mkekani, nywele zimekwisha upande mmoja, na nyuma yake, chanuo mkononi, amekaa Mektilda.

"He, Toni!" akasema kwa sauti ya chini, akafurahi. "Umekuja kuuza nazi?"

Nikasema, "Ndiyo."

Hapo ndipo ningegeuka nikatoka. Lakini Bi Zamda alishasimama na mtoto, na mtoto analia.

"Basi wakati ndio huu. Mwenye jina yuko wapi?"

"Si huyo kafika," Sitara akasema. Akamchukua mtoto kwa Bi Zamda, akamwinua kuelekea kwangu, mikono imenyooka, nywele nusu zimesimama. Alikuwa anacheka na machozi yako tayari. "Uhuru wangu. Njoo umpe."

Mektilda akaanza kutazama huku na huku chumbani, anamtafuta huyo Uhuru ni nani.

Nami nikageuka. Ndiyo. Niligeuka nikatazama nyuma yangu, mlangoni, kama mtu anayeitwa mwenzake. Palikuwa na ndoo tu.

"Uhuru," Sitara akarudia. "Unatazama nini?"

Watu wakaguna, wakadhani natania, maana natania siku zote. Mama akasema, "Acha mchezo, mtoto analia. Sema, nimempa."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na nilikuwa nalo mdomoni, naapa. Yakatoka ya Shaibu.

"Dada, jina hilo limepitwa. Siku hizi hata mbuzi wanaitwa hivyo. Mpeni Nassibu, ndilo la heshima."

Mmoja akacheka, akaona wengine hawacheki, akaacha. Mama akasema, "Khaa!" Bi Zamda hakufurahi kama nilivyodhani atafurahi. Alinitazama muda mrefu.

"Una hakika, mwanangu? Neno hili halirudishwi."

Nikaitikia kwa kichwa kwamba nina hakika. Yaani hata kusema sikusema.

"Haya. Mwenyewe kakataa. Nassibu."

Sitara alikuwa bado kanyoosha mikono. Akairudisha polepole, akamweka mtoto kifuani, akainamisha kichwa. "Malizia," akamwambia Mektilda. Mektilda akamalizia kusuka.

Na unajua nilichokiokoa? Hakuna. Nilipokuwa natoka, Mama akapiga kelele kutoka uani, chumba kizima kikasikia, "Wee Uhuru! Nazi ziko wapi?"

Alhamisi, 26 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 28 Aprili

Mektilda alikuja kwenye nazi zangu. Nilijiandaa kwa utani, nikakuta haufai.

"Kwa hiyo Uhuru ni wewe."

"Ni jina la nyumbani tu."

"Ulidhani ningekunyima nini ukilisema? Kitinda mimba wa mama yangu Masasi anaitwa Uhuru. Ana miaka mitatu. Kijiji kizima kinamgombania kumbeba."

"Miaka mitatu?"

"Mitatu. Nimemsuka dada yako kichwa kizima," akasema, "na upande wa pili wote alikuwa anatetemeka. Nilidhani namvuta nywele."

Hakununua nazi. Ngoma ya kwao hajaitaja tena.

Jumanne, 1 Mei

Maandamano ya wafanyakazi. Nimeuza sana. Shaibu kaniuliza habari za mtoto, nikamweleza yote. Nilidhani atanisifu, maana nilitumia maneno yake. Alisimamisha cherehani.

"Mimi nilikuwa nakutania, mjinga wewe. Mtu akitaniwa suruali yake, anaivua mbele za watu?"

Sasa nimchukie nani?

Alhamisi, 3 Mei

Shemeji Fikirini yu hai! Dereva mwenzake kaleta salamu, lori liliharibika Bukoba, atarudi mwezi huu. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja na masufuria. Sitara alilia, akacheka, akamwambia yule dereva, "Mpe salamu, mwambie mwanawe mzima, anaitwa Nassibu." Dereva akasema, "Nassibu? Njia nzima anatuambia anaitwa Uhuru." Sitara akasema, "Ilikuwa zamani."

Nilikuwa nimesimama palepale.

Jumapili, 6 Mei

Mvua imepungua, jua linachungulia na kurudi. Mchana Sitara alikwenda kuoga, Mama yuko uani, nikaachiwa mtoto. Akaanza yake. Nikambembeleza, nikamwimbia, nikamgongea nazi. Wapi. Nikamwita Nassibu, akazidisha. Nikaangalia mlango, hakuna mtu, nikaweka mdomo sikioni kwake, nikamwita kwa jina langu.

Akanyamaza. Huenda alichoka tu. Sijui. Katika masika haya sijajua kitu hata kimoja.

Nilipoinua kichwa Sitara alikuwa mlangoni, kanga kifuani, maji yanamchuruzika. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Toni," akasema. "Nipe Nassibu anyonye."

Nikampa.

Nimesoma nilichoandika tangu Machi. Nimemlaumu Shaibu, nimemlaumu Bi Zamda, nimeulaumu mwaka wa bendera, na mbuzi. Kama jina limezeeka au halijazeeka, mtu mwingine afanye utafiti, mimi nimeshindwa. Halikuwa hilo. Dada yangu aliniita kwa jina alilonipa yeye mwenyewe, mikono kainyoosha, nami nikageuka kutazama nyuma yangu.